Rais wa Kikapu Asiyekuwa na Ukumbi

Mtaje Luol Deng mbele ya shabiki wa Chicago Bulls, atakueleza habari za dakika. Atakuambia kocha Tom Thibodeau alikuwa hamtoi uwanjani, na kwamba msimu wa 2011-12 hakuna mchezaji wa NBA aliyemzidi kwa wastani wa dakika: 39 na ushei katika mchezo wa dakika 48. Mtaje London, watakukumbusha Olimpiki ya 2012 na jezi ya Uingereza. Mtaje Juba, jina hilo hilo linabeba uzito mwingine kabisa. Kule Deng ni rais wa shirikisho la mpira wa kikapu, cheo ambacho katika nchi nyingi za Afrika Mashariki hata waandishi wa michezo humsahau anayekishika.

Mimi nasema hivi: ile miaka 15 ya NBA, na mamilioni ya dola yaliyokuja nayo, ndiyo sehemu ndogo ya kazi ya mtu huyu. Sehemu kubwa ilianza siku alipovua viatu.

Alizaliwa Wau tarehe 16 Aprili 1985, wakati vita vya pili vya Sudan vilikuwa vimeshatimiza takriban miaka miwili. Baba yake, Aldo Ajou Deng, alikuwa mwanasiasa wa Kidinka mwenye jina, mbunge na waziri kwa nyakati tofauti. Juni 1989 Omar al-Bashir akachukua nchi kwa mapinduzi, na mtu wa kusini mwenye sauti serikalini akawa hana pa kukaa. Watoto wakapelekwa Misri. Luol alikuwa na umri wa takriban miaka mitano, mmoja katika kundi kubwa la ndugu waliobanana kwenye nyumba ndogo mjini Alexandria wakisubiri baba apate hifadhi mahali, popote.

Huko Misri ndiko walikokutana na Manute Bol. Msomaji kijana huenda hamjui. Bol alitoka Turalei, alikuwa na urefu wa mita 2.31, na mwaka 1985 alichaguliwa na Washington Bullets. Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, rekodi ambayo hakuna mchezaji mwingine mgeni katika ligi aliyeifikia. Hadi anastaafu alikuwa amezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga: 2,086 dhidi ya 1,599. Sijui mchezaji mwingine wa namna hiyo. Fedha yake nyingi ilimalizikia kwenye harakati za watu wa kusini, na baadaye alikubali hata kupanda ulingo wa ndondi kwenye runinga ya Marekani, watu wacheke, ili mradi ipatikane pesa ya wakimbizi. Huyu ndiye aliyewafundisha watoto wa Aldo Deng kushika mpira. Kaka yake Luol, Ajou, alikuja kucheza chuo kikuu Connecticut. Dada yake Arek akacheza Delaware. Luol mwenyewe wakati ule moyo wake ulikuwa kwenye soka.

Hifadhi ilipatikana Uingereza mwaka 1994. Familia ikatua South Norwood, kusini mwa London. Luol akasoma Croydon, akaingia mikononi mwa Jimmy Rogers wa Brixton Topcats, mzee aliyejulikana kwa kuwaokota vijana wa mitaani na kuwapa mpira. Akiwa na miaka 14 akavuka bahari kwenda Blair Academy, New Jersey. Huko akakua. Mwaka 2003, wataalamu wa Marekani walipopanga orodha ya vijana bora waliokuwa wakimaliza sekondari, namba mbili alikuwa Luol Deng. Namba moja alikuwa kijana wa Ohio aitwaye LeBron James. Tuliweke jina hilo pembeni, litarudi.

Alikaa Chuo Kikuu cha Duke msimu mmoja chini ya kocha Mike Krzyzewski, wakafika nusu fainali ya taifa, akaingia NBA mwaka 2004. Phoenix Suns walimchagua wa saba na usiku ule ule wakamuuza Chicago. Mwaka 2008 Bulls wakampa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 71. Mwaka 2012 na 2013 alikuwa kwenye kikosi cha All-Star. Hakuwa mchezaji wa kurukaruka na kupigiwa makofi. Kazi yake ilikuwa ile ngumu isiyoonekana: kumkaba mfungaji hatari wa timu pinzani usiku mzima, kukimbia pembeni bila mpira, kupokea pasi na kutupa pale pale. Hesabu yake ya mwisho, mechi 902 na wastani wa pointi 14.8, haimtoi mtu machozi, lakini kila kocha anajua bei ya mchezaji wa hivyo.

Alilipa bei hiyo kwa mwili. Januari 2012 kano za kifundo cha mkono wa kushoto zilichanika. Alikataa kupasuliwa, kwa sababu upasuaji ungemnyima Olimpiki ya London. Uingereza ilishinda mechi moja tu kati ya tano, dhidi ya China, na ikapoteza kwa Hispania kwa pointi moja. Wapo Chicago waliomlaumu kwa kuhatarisha mkono wa timu kwa ajili ya nchi iliyomlea. Mwaka uliofuata, katikati ya mchujo wa ubingwa, alishukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Akachomwa sindano ya uti wa mgongo kwa uchunguzi, nayo ikamletea madhara yaliyomlaza akapungua kilo kadhaa. Januari 2014 Bulls wakamuuza Cleveland.

Kiangazi cha mwaka huo huo likatokea jambo ambalo kwa msomaji wa Kiafrika halihitaji ufafanuzi mrefu. Danny Ferry, meneja mkuu wa Atlanta Hawks, alinaswa katika simu ya kikazi akisema Deng ana Uafrika kidogo ndani yake, kwa maana ya mtu mwenye duka zuri mbele na bidhaa bandia nyuma. Ferry alijitetea kwamba alikuwa anasoma maelezo ya mtu mwingine, akaomba radhi. Deng hakupiga kelele. Alitoa tamko fupi akasema anajivunia Uafrika wake, nao si kidogo. Mwaka uliofuata, Agosti 2015, NBA ilipocheza mechi yake ya kwanza barani Afrika mjini Johannesburg, nahodha wa timu ya Afrika alikuwa yeye.

Miaka ya mwisho haina mengi. Miami, kisha Los Angeles Lakers waliompa dola milioni 72 na baadaye kumweka benchi karibu msimu mzima, kisha Minnesota. Oktoba 2019 alirudi Chicago kutia saini ya kustaafu akiwa na jezi aliyoanzia. Mwezi uliofuata alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la Sudan Kusini.

Sasa tuitazame nchi aliyokabidhiwa. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Manute Bol hakuiona siku hiyo. Alifariki Juni 2010 akiwa na miaka 47, akazikwa kwao Turalei. Mwishoni mwa 2013 shirikisho la dunia, FIBA, liliikubali Sudan Kusini kuwa mwanachama, na Desemba ya mwaka huo huo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka Juba. Julai 2016 risasi zikarudi tena mjini. Katika hali hiyo, nani angekuwa na muda wa kujenga uwanja?

Anayeijua Juba anajua jinsi mji ulivyo. Hai Jalaba ni miongoni mwa mitaa ya zamani. Miaka ya 1940 waliishi pale wafanyabiashara wa Kigiriki, na jina lake mtaa ukaja kulipata kwa wachuuzi wa kaskazini, jalaba. Baada ya uhuru wakaja Waganda, Wakenya, Waeritrea na Wakongo, kila mtu na biashara yake, na Kiswahili kikapata nafasi sokoni kando ya Kiarabu cha Juba. Jirani ni Nimra Talata, na hapo ndipo penye kiwanja cha kikapu ambacho ligi ya mji imekizoea. Kiwanja hicho ni cha wazi, sakafu ni saruji, na paa ni mbingu. Mvua za Juba huanza Aprili na kuendelea hadi Oktoba au zaidi, na saruji ikilowa hakuna mchezo. Kiangazi nacho kina yake. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu joto lilikuwa linakaribia nyuzi 45. Mtu wa Dar es Salaam anayelalamika kwamba uwanja wa ndani hauna kiyoyozi angefaa aalikwe Juba wiki moja.

Deng hakuanza na kujenga uwanja. Hapo ndipo baadhi ya watu wanamlaumu, nami nitalirudia. Alianza na timu. Aliwafahamu vijana wa Sudan Kusini waliotawanyika Australia, Marekani na Kanada, wengi wao watoto wa wakimbizi kama yeye, na akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja. Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum akakulia New Hampshire. Nuni Omot alizaliwa kambi ya wakimbizi Kenya akakulia Minnesota. Marial Shayok alitoka Ottawa. Tiketi za ndege, hoteli, chakula, mara nyingi vililipwa na mfuko wa rais mwenyewe. Januari 2020, kwenye mchujo wa kanda mjini Nairobi, rais huyo huyo alikaa benchi kama kocha.

Wakenya watakumbuka kwa furaha kilichotokea: timu yao, Morans, ndiyo iliyosonga mbele. Sudan Kusini ingebaki nyumbani kama si balaa la wengine. Novemba ile Algeria ilikumbwa na corona, ikajitoa, nafasi ikaangukia Juba. Wakaingia kwa mlango wa dharura, wakafuzu, na Agosti 2021 wakawa Kigali kwenye AfroBasket yao ya kwanza. Kocha sasa alikuwa Royal Ivey, mchezaji wa zamani wa NBA, rafiki wa Deng. Katika mechi ya kuwania robo fainali walipangwa na nani? Kenya. Ikaisha 60 kwa 58, na safari hii aliyelia alikuwa Mkenya. Tunisia, waliokuja kuwa mabingwa, ndio waliowatoa.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Kwenye mchujo wa Kombe la Dunia walicheza mechi 12 wakashinda 11. Tiketi yenyewe waliikata Februari 2023 kwa kuifunga Senegal, na mechi ilichezwa Alexandria, mji ule ule ambako rais wao alikuwa mtoto wa mkimbizi asiyejua kesho atalala wapi. Mpangaji wa ratiba wa FIBA hakuwa na habari hiyo, bila shaka.

Manila, Agosti 2023: Puerto Rico wakawashinda 101 kwa 96 baada ya muda wa nyongeza. Wakaifunga China, wakapigwa vibaya na Serbia, wakaifunga Ufilipino mbele ya mashabiki wake, na tarehe 2 Septemba wakaifunga Angola 101 kwa 78. Angola, ambayo wakati huo ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11! Matokeo hayo yaliwafanya kuwa timu bora ya Afrika kwenye mashindano, na timu bora ya Afrika ndiyo iliyopewa nafasi ya Olimpiki ya Paris. Nchi yenye umri wa miaka 12, isiyokuwa na ukumbi mmoja wa ndani wa kikapu.

Kabla ya Paris palikuwa na London. Tarehe 20 Julai 2024 walipangiwa mechi ya kirafiki na Marekani katika ukumbi wa O2, upande wa kusini wa mto Thames, si mbali na alikokulia Deng. Kampuni za kamari ziliipa Marekani ushindi wa pointi zaidi ya 40. Mapumziko yalifika ubao ukisoma 58 kwa 42, Sudan Kusini ikiongoza. Carlik Jones, mzaliwa wa Cincinnati aliyepewa uraia, alimaliza na pointi 15, ribaundi 11 na pasi za mabao 11. Shayok alifunga 25. Zikiwa zimebaki sekunde nane, Marekani ikiwa nyuma kwa pointi moja, aliyechukua mpira, akaingia ndani na kuuweka kikapuni, alikuwa LeBron James. Ndiyo, yule wa namba moja wa mwaka 2003. Ikaisha 101 kwa 100. Bilionea mwenye miaka 39 alilazimika kutoa jasho la kweli ili nchi yake isiaibishwe na timu iliyokusanywa kwa simu na yule wa namba mbili.

Mechi ya kwanza ya Olimpiki ilikuwa Jumapili tarehe 28 Julai, mjini Lille, saa tano asubuhi kwa saa za Ufaransa na za Juba pia, maana wakati huo saa ni moja. Wapinzani: Puerto Rico tena. Timu zikapanga mstari kwa ajili ya nyimbo za taifa. Muziki ukaanza, na wachezaji wa Sudan Kusini, mikono vifuani, wakaanza kutazamana. Ulikuwa wimbo wa Sudan. Wimbo wa Khartoum, wa serikali iliyowafanya wazazi wao wakimbie. Ukakatwa. Pakawa kimya, kisha umati ukaanza kupiga makofi, makofi marefu ya kuwatia moyo, hadi wimbo wao ulipopatikana. Hakuna aliyetoka kwenye mstari. Waandaaji waliomba radhi baadaye, wakasema ni makosa ya kibinadamu. Nakubali yalikuwa makosa. Nakumbuka tu kwamba makosa ya aina hii huwa hayaipati Ufaransa.

Wakashinda 90 kwa 79. Jones alifunga 19. Baadaye walifungwa na Marekani 103 kwa 86 na Serbia 96 kwa 85, wakaishia hatua ya makundi, lakini kila aliyecheza nao alitoka amechoka.

Katika kikosi hicho alikuwemo kijana wa miaka 17, Khaman Maluach, mita 2.18. Alizaliwa Rumbek, akakulia Kawempe, Kampala. Mwaka 2019 mtu aliyekuwa kwenye pikipiki alimwona akitoka shule akamwambia urefu ule si wa kupotea bure, akajaribu kikapu. Hakukuwa na viatu vya saizi yake; alianza mazoezi na Crocs miguuni. Akapita akademia ya NBA kule Saly, Senegal, kisha Duke kwa msimu mmoja. Juni 2025 alichaguliwa wa kumi katika NBA na kuishia Phoenix Suns. Duke, msimu mmoja, Phoenix: Deng alipita njia hiyo hiyo mwaka 2004, tofauti ni kwamba Suns hawakumuuza Maluach usiku ule.

Turudi kwenye lawama. Wanaomkosoa Deng wanasema timu yake ni ya watoto wa ughaibuni, kwamba pesa na simu zingeelekezwa nyumbani kwanza, viwanjani, mashuleni. Hoja ina uzito. Hata Maluach, anayetajwa kama mfano wa kijana aliyekulia Afrika, aliupata mchezo Kampala. Lakini nauliza: nani angemsikiliza rais wa shirikisho la nchi isiyojulikana akiomba fedha za ukumbi mwaka 2019? Ushindi ndio uliompa sauti. Kabla ya Paris, aliyelitaja jina la Sudan Kusini kwenye vyombo vya habari vya nje alikuwa anazungumzia vita, njaa au mafuriko. Deng alicheza mchezo kwa utaratibu alioujua, ule wa mchezaji asiye na mbwembwe: fanya kwanza kinachowezekana leo. Kwa maoni yangu alipatia.

Kisichowezekana kuendelea ni kumwachia mtu mmoja. Juba ilikosa ukumbi mwaka 2019, ikakosa mwaka 2023 wakati timu ilipofuzu, na ikakosa mwaka 2024 wakati dunia nzima ilipokuwa inaitazama. Serikali ya Juba inauza mafuta, na wakubwa wake hawakukawia kupiga picha na timu iliporudi kutoka Manila. Wizara ya michezo itenge ardhi na ijenge paa moja, lenye sakafu ya mbao na taa, mahali ambapo mtoto wa Hai Jalaba anaweza kufika kwa miguu baada ya shule mvua ikinyesha. Mashirikisho ya Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, ambayo vijana wa Juba wanayahitaji kama wapinzani wa kila mwezi, yaipangie mechi huko huko. Rais wa shirikisho ameshalipa tiketi za ndege za kutosha.